Muulize Shangazi wa Mwaloni

Shangazi, shikamoo. Kwenye kundi letu la WhatsApp la wafanyabiashara wa dagaa, jamaa aliweka picha: dagaa juu ya vichanja, wanang'aa. Akasema wamevuliwa jana yake usiku, Ukerewe, bei chini kuliko ya soko la Mwaloni. Watu watatu wakaandika "huyu namfahamu, mtu safi". Umeme umekatika, mbalamwezi inawaka kama mchana, nikakaa kibarazani nikatuma laki sita, na ya kutolea juu. Kufika asubuhi, nimeshapigwa bloku. Nilikosea wapi?
Niliyelizwa, Igoma

Marahaba mwanangu. Ulikosea kutotazama juu. Dagaa huvuliwa gizani, taa za mitumbwi ndizo zinazowavuta. Mwezi ukipevuka, nuru inatapakaa ziwa zima, taa haina tena cha kuvuta, wavuvi wanakaa nchi kavu wakishona nyavu. Sasa hao dagaa wa jana aliwavua nani? Kundi zima la wauza dagaa, hakuna aliyeuliza! Kila mmoja alidhani mwenzake ameshachunguza. Hao wadhamini watatu waulize leo, hapo hapo kundini, wanamfahamu kwa lipi: walishapokea mzigo wake, au walishapokea "habari za asubuhi" zake tu?

Ujumbe wa muamala usiufute, upeleke polisi, na namba ya tapeli itume 15040. Usitulie kwa kuwa laini zinasajiliwa kwa alama za vidole. Huenda kidole ni cha bibi fulani aliyeambiwa "mtandao unasumbua, gusa tena". Na wewe piga *106# uone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako.

Shangazi, mimi ni admini wa kundi la michango ya msiba. Wanachama walinidai hesabu kwa kelele, nikalifunga, sasa maadmini tu ndio wanaoandika. Amani imerudi, lakini hakuna anayechanga tena.
Admini Mwadilifu, Nyegezi

Maadmini wenyewe ni wewe peke yako, sivyo? Fungua kundi. Weka orodha usiku huu: nani katoa kiasi gani, jeneza, mchele, soda, basi la kwenda Sengerema. Soda zikizidi watu watakusamehe. "Kesho" ya wiki ya tatu hawaisamehi. Na kama umeandika nauli ya kivuko cha Kigongo, ifute kabla hawajaiona. Daraja limefunguliwa tangu Juni 2025, baba.

Nimealikwa kwenye kundi la Telegram: panda 50,000, uvune 150,000.
Mpanzi, Buswelu

Tafuta mtu aliyepanda "mbegu" kwenye upatu wa DECI kabla Serikali haijaisimamisha mwaka 2009. Mnunulie chai, umsikilize. Beba na leso, ya kwake.

Shangazi, natuma machungwa kutoka Nansio. Meli imechelewa, gunia moja limeanza kuoza. Wateja wa kundini bado hawajajua. Nikisema si watanikimbia?
Muuza Machungwa

Mmoja au wawili watakimbia, waache. Sema kabla mteja hajafungua gunia, maana akishaliona mwenyewe hata ukisema kweli itasikika kama kujitetea. Taja machungwa mangapi yameharibika na pesa yake uirudishe leo hii, na ya kutolea uilipe wewe. Halafu piga picha. Gunia ulimwage chini kwanza, usipige yale ya juu tu.