Mgeni wa Desemba, Mkazi wa Aprili

Uamuzi wa kuhamia mashambani katika kaunti za Homa Bay na Migori, kusini-magharibi mwa Kenya, kwa kawaida hufanywa Desemba, mwezi usiofaa kabisa kwa kazi hiyo, kwa kuwa mtu aliyesafiri zaidi ya kilomita 300 kutoka Nairobi na mkate, sukari na bahasha hupokewa kama mgeni, huchinjiwa kuku, hutandikiwa kitanda mbali na upande wa paa unaovuja, kisha hurudi mjini akiamini kwamba hayo ndiyo maisha ya huko. Wahenga waliosema kwamba mgeni hupewa jembe siku ya tatu walikwisha kuonyesha kasoro ya utafiti wa namna hiyo. Tatizo ni kwamba mgeni wa Desemba huondoka siku ya pili jioni.

Jembe lenyewe hupatikana Aprili, katikati ya masika. Sehemu nyingi za Ndhiwa zina udongo mweusi wa mfinyanzi, yaani ule unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi na kunata unaponyeshewa, nao una tabia ya kumwachilia mwenye miguu aendelee na safari huku ukibaki na viatu vyake. Gari lililong'arishwa Nairobi hufika pale lami inapokoma, na kutoka hapo mwenye gari hupanda bodaboda pamoja na mtungi wa gesi, jogoo wa abiria mwingine na, mara nyingi, abiria huyo mwenyewe. Maji nayo yana mantiki yake: mtu anayeliona kutoka dirishani ziwa kubwa kuliko yote Afrika huweza kununua maji kwa mtungi wa lita 20, kwa sababu kuliona ziwa si sawa na kuwa na bomba, na kuoga humo ni kukaribisha kichocho, ugonjwa wa minyoo wadogo wanaotoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya binadamu. Usiku viboko hutoka ziwani kwenda kula nyasi, na mahindi ya mhamiaji, kwa maoni ya kiboko, ni nyasi zilizopandwa kwa mistari.

Kuhusu wadudu, ushahidi ni wa kitaalamu. Icipe, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa wadudu iliyoanzishwa mwaka 1970 na mwanasayansi Mkenya Thomas Odhiambo, ina kituo Mbita, na asiyependa wadudu angefaa kulitafakari jambo hilo kabla ya kulipia kiwanja. Katika kisiwa jirani cha Rusinga, kati ya 2012 na 2015, watafiti waliweka kwenye nyumba za watu mitego yenye harufu inayoiga ya binadamu ili mbu wakosee mlango, na kwa kuwa mitego hiyo ilitumia umeme wa jua, familia nyingi zilipata taa na mahali pa kuchaji simu kwa hisani ya mbu. Huko bonde la Lambwe, mbung'o, yaani inzi anayeeneza malale, ndiye aliyeamua kwa miaka mingi nani aishi na nani ahame, na sehemu ya bonde hilo leo ni Hifadhi ya Taifa ya Ruma, kimbilio la mwisho nchini Kenya la korongo, swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma, ambaye hajawahi kuomba kuunganishiwa umeme.

Hata hivyo matope na mbu hukuzwa mno. Kinachomshinda mhamiaji ni wingi wa watu. Aliyechoshwa na jirani wa ghorofani asiyemjua hata jina huhamia Rangwe kutafuta upweke, akagundua kwamba upweke ni bidhaa inayouzwa mjini tu. Akifunga mlango mchana ili asome gazeti, hudhaniwa mgonjwa. Wazee wawili huja kumjulia hali, huketi, hunywa chai, hulisoma gazeti hilo wao, na wakiondoka habari ya ugonjwa imekwisha kufika sokoni, ambako tayari umepewa jina.

Kujenga nako si shughuli ya mtu na fundi wake. Kwa desturi za Waluo, walio wengi katika kaunti hizi mbili, kijana wa kiume huanza na simba, nyumba ndogo karibu na lango la boma la babake, na baadaye huanzisha dala, yaani boma lake mwenyewe, akienda alfajiri na mkewe na mwanawe wa kwanza, wakichukua jogoo na shoka. Mdogo hamtangulii mkubwa. Hivyo mkurugenzi mstaafu mwenye ramani ya vyumba vitano huweza kuelezwa kwa upole kwamba amsubiri kaka yake, fundi baiskeli wa Oyugis asiye na haraka na jambo lolote, na kwamba ramani, ingawa ni nzuri, haikuonyesha mahali pa jogoo.

Wapo wanaojibu kwa kujenga ukuta mrefu, na historia ya Migori inaonekana kuwaunga mkono, maana kuta za Thimlich Ohinga, zilizoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018, zilijengwa kwa mawe bila saruji, nyingine zikizidi kimo cha mita nne. Lakini ndani ya kuta hizo ziliishi familia nzima pamoja na ng'ombe wao.

Jaribio la busara, basi, ni kupanga chumba Rongo au Awendo kuanzia Machi hadi Agosti bila kuwaarifu jamaa. Sehemu ya mwisho haitekelezeki, kwa sababu mwendesha bodaboda aliyebeba godoro ni mpwa wa mtu fulani. Kabla ya mwezi kwisha mpangaji atakuwa ametembelewa na shangazi asiyemkumbuka, ameongezwa katika makundi kadhaa ya WhatsApp ya michango ya mazishi, na, kwa kuwa alitoka Nairobi na anaonekana kujua hesabu, amechaguliwa mweka hazina wa kamati ya matanga bila yeye kuwapo kikaoni, wadhifa ambao hauna utaratibu wowote wa kujiuzulu.