Sifa za Gemu Linalojifunga

Gemu letu ni la mpira wa miguu, na lina kasoro moja tu: hujifunga. Sisemi hujifunga kama beki aliyeokoa krosi vibaya. Hujifunga lenyewe, zima zima, kabla refa hajapuliza filimbi. Unabofya mara mbili, kioo kinakuwa cheusi, spika zinatoa nusu sekunde ya kelele za mashabiki, kisha kimya. Mbele yako inarudi picha ya Ziwa Singidani na flamingo wake, wamesimama kwa mguu mmoja kana kwamba hawakuona kitu.

Mkoa wetu umezoea kusifiwa kwa alizeti, kuku wa kienyeji na asali. Sisi wa kata ya Mandewa, wageni hutujua kwa hospitali ya rufaa. Hakuna aliyewahi kulitungia sifa gemu lisilofunguka, na mimi naiona hiyo ni dhuluma. Lucian wa Samosata, huko karne ya 2, alimwandikia nzi sifa zake, akamtukuza kwa mabawa na kwa ushujaa. Kama nzi alipata wakili, letu likose kwa nini?

Tuanze na elimu. Mpwa wangu yuko kidato cha pili, na Kiingereza alikuwa akikikwepa kama deni la dukani. Siku gemu lilipojifunga kwa mara ya kwanza kilitokea kisanduku kidogo chenye maneno ya Kiingereza. Akakisoma chote, kamusi mapajani, kidole kikifuata mstari. Kulikuwa na faili linaloishia na dll ambalo halikuonekana.

"Mjomba, dll ndiyo nini?"

Nikamweleza kwa sauti ya mtu aliyejua siku nyingi, ingawa nilikuwa nimejua dakika kumi zilizopita. Ni faili la kazi ambazo programu nyingi huzitumia kwa pamoja, ili kila moja isije na vyombo vyake. Tuseme ni kinu cha mtaa. Gemu limekuja na mtama wake likitegemea kukuta kinu, na kwetu kinu hakipo. Basi tukanunua bando, tukashusha vifurushi vya Visual C++. Navyo vina ukubwa wao: cha 2010 hakifanyi kazi ya cha 2013, na cha 2013 hakikubali kumkaimu mwenzake. Ikabidi vyote viwepo, vikajipanga kwenye orodha ya programu kama wazee barazani, kila kimoja na mwaka wake. Tukabofya. Kisanduku cha lawama hakikutokea tena. Gemu likajifunga bila kusema neno.

Mwingine angekata tamaa hapo. Sisi tulipanda darasa. Mpwa wangu akavumbua kwamba Windows ina daftari la matukio, na kila programu inayoanguka huandikwa humo: saa, jina lake, faili lililokuwa kazini na namba ya kosa. Yetu ilikuwa 0xc0000005. Maana yake programu imegusa sehemu ya kumbukumbu isiyo yake, ikatolewa nje. Mtu wa Singida haelezwi jambo hilo mara mbili: mbuzi ameingia kwenye alizeti ya jirani. Taabu ni kwamba daftari linakutajia mbuzi tu. Aliyeacha zizi wazi umtafute mwenyewe.

Katika kumtafuta ndipo tulipopata faida ya pili, nayo ni watu. Gemu linalofunguka humfungia mtoto chumbani. La kwetu lilileta mtaa mzima sebuleni. Kijana wa kurekebisha simu alisema ni antivairasi, kwamba hukamata mafaili ya gemu na kuyaweka rumande. Tukafungua rumande, tukakuta mmoja kweli, tukamtoa, naye hakusaidia kitu. Dereva wa bodaboda alishauri tupige chini Windows nzima tuanze upya, ushauri ambao nimegundua hutolewa na kila mtu asiye na mafaili yake humo. Babu wa nyumba ya pili, ambaye hajawahi kushika mausi, alikunywa chai yake, akatazama mashine, akasema, "Hiyo ina vumbi."

Alisema kweli. Huku kwetu kiangazi kina upepo, na upepo hauji mikono mitupu. Tulipofungua ubavu wa kompyuta tulikuta feni imevaa koti la vumbi jekundu, tukalisugua kwa brashi ya rangi hadi sinia likajaa. Nitakuwa mkweli: joto kwa kawaida huliangusha gemu likiwa limeshachezwa muda, si mlangoni. Vumbi lile halikuwa na hatia ya kosa letu. Lakini mashine sasa hainung'uniki ikiwaka, na bila gemu kujifunga nani angeifungua?

Wala msidhani ni mkosi wa Mandewa. Cyberpunk 2077, gemu lililongojwa kwa miaka, lilitoka Desemba 10, 2020 likiwa na hitilafu tele, hasa kwa wenye PlayStation 4. Desemba 17 Sony wakaliondoa katika duka lao la mtandaoni, na wanunuzi wakapewa nafasi ya kudai fedha zao. Halikurudi dukani humo mpaka Juni 2021. Lile lilitengenezwa kwa mamilioni ya dola. Letu lilikuja kwa flashi, ndani ya mfuko wa shati. Kwa mwenendo, hata hivyo, ni ndugu.

Ukweli tuliupata Jumapili moja jioni, na haukuwa na mbwembwe. Mpwa wangu aliandika dxdiag kwenye kisanduku cha kutafutia, akabonyeza Enter, ikaja karatasi ya afya ya kompyuta. Kadi yetu ya picha inaishia DirectX 10. Gemu linataka 11. Hakuna draiva, brashi wala bando linaloweza kuiongezea kadi kile ambacho haikuzaliwa nacho. Muda wote ule gemu lilikuwa likiomba kitu ambacho mashine haina, na kwa kukosa lugha ya kutuambia, likawa linaaga tu.

Nilishauri tulifute, maana limekalia nafasi kubwa kwenye diski. Mpwa wangu alinitazama kama nimependekeza tuuze mbuzi wa mahari. Siku hizi anaitwa huku na huko mtaani kufungua magemu ya wenzake, na kabla ya kugusa chochote huandika dxdiag, amekunja uso kama daktari. La kwetu limebaki pale pale kwenye kioo, kandokando ya flamingo.

Jana babu wa nyumba ya pili alipita akauliza timu yetu inaendeleaje.

"Shikamoo, babu. Tangu Juni hatujafungwa hata goli moja."

"Marahaba," akasema babu, akavuta kiti. "Hebu iwashe tuone."