Wageni, Tafadhali Msipumue Sana

Nyumbani kwetu Berlin, mgeni akishavua viatu na kukaribishwa sebuleni, kinachofuata si chai. Kinachofuata ni mimi kufungua dirisha, hata ikiwa ni Januari na theluji inaanguka. Wengi huona haya kuuliza, wakabaki wamejikunyata ndani ya makoti huku wanakula sambusa. Anayethubutu kuuliza hujibiwa na mke wangu kabla sijafungua mdomo: "Msipumue sana. Matumbawe hayajisikii vizuri."

Hatanii. Watu wazima wakijifungia chumbani jioni nzima, hewa ukaa wanayoitoa huyeyuka kwenye maji ya tangi ninamofugia matumbawe, pH ikashuka, na matumbawe magumu, yaani yale yanayojijengea mifupa ya mawe, hupata tabu ya kujenga. Mchana dirisha likiwa wazi kipimo changu husoma 8.2. Usiku wa Idi, baada ya pilau na mabishano ya siasa za Kenya, kilisoma 7.7. Mimi nalaumu siasa, maana pilau huliwa kimya.

Tangi lenyewe ni la lita 250 na bwana mkubwa humo ndani ni akropora, tumbawe lenye matawi membamba yenye ncha za zambarau. Ukimtazama utadhani ni mmea, ukimgusa utadhani ni jiwe, kumbe ni mnyama, au tuseme mamia ya wanyama wadogo waliogawana nyumba moja, na ndani ya miili yao wamewapangisha mwani wadogo zaidi wanaowapikia chakula kwa mwanga wa taa. Anataka joto la nyuzi 25 au 26. Anataka chumvi gramu 35 katika kila kilo ya maji, kalisi miligramu 420 kwa lita, alkalini nyuzi nane. Kuzifikia namba hizo si kazi. Kazi ni kukaa hapo. Akropora ataishi kwenye alkalini saba, na ataishi kwenye tisa. Lakini mlaze kwenye saba umwamshe kwenye tisa uone atakavyovua ngozi. Hataki mazuri, anataka yaleyale. Sasa nitajie nyumba ya Waswahili ambayo mambo ya jana ndiyo ya leo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mimi ni mtu wa Mombasa. Matumbawe kwetu ni ukuta. Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, walijenga kwa mawe ya matumbawe, na Waomani wakaja wakaizingira kuanzia 1696 hadi 1698, na kuta mpaka leo zipo, watoto wa shule wanazipiga picha. Jiwe lililoshindana na mizinga ndilo hilohilo, likiwa hai, linalozirai kwa pumzi za shangazi yangu. Babu alikuwa na tanuri la chokaa. Alipanga magogo, akapanga matumbawe juu, akawasha, na baadaye watu wakapaka nyumba zao. Mjukuu wake leo ananunua chokaa kwenye kopo, anaikoroga kwenye maji, anaiacha itulie, kisha anayadondosha yale maji yaliyotakata ndani ya tangi, tone moja moja, usiku, ili matumbawe yapate kula. Babu alichoma matumbawe apate chokaa, mimi nayalisha. Nashukuru alifariki kabla sijaanza.

Chokaa hiyo ndiyo iliyotugombanisha na shemeji. Alikuja kututembelea, kijana mwema, asiyependa kukaa bure. Asubuhi moja akaona ndoo yangu imebaki tope jeupe chini, akaona na pampu inavyodondosha kwa uvivu, akahurumia. Akakoroga, akamimina yote. Nilikuta maji meupe pepe, samaki sijui waliko, naye ameketi kwenye kochi ameridhika. "Nimekumalizia ile kazi, shemeji."

pH ikipanda namna ile hakuna muda wa kugombana. Dawa ni kuishusha kwa kitu chenye uchachu. Nikakimbilia jikoni, nikachukua chupa ya siki ambayo mke wangu alikuwa ameiweka kwa ajili ya achari ya maembe, nikaanza kuitia kwa kijiko huku jicho liko kwenye kipimo. Kwa hiyo asubuhi ileile nyumba ikawa na watu wawili wasiosema nami. Achari ilipikwa wiki iliyofuata, kwa ndimu, na kila aliyeonja alisimuliwa kwa nini.

Kupima ndiko kunakoniharibia jina kwa wageni. Unachota maji kwa bomba la sindano, unayatia kwenye kichupa, unadondosha dawa huku unatikisa, mpaka rangi igeuke kutoka buluu ya kijani kuwa waridi. Inageuka kwa tone moja. Ukilipita hilo tone, huna jibu, unaanza upya. Wakati huo huwezi kuitikia salamu. Rafiki wa mke wangu alinikuta jikoni nimeinua kichupa kwenye taa, midomo inahesabu, sindano tatu zimepangwa kando ya sinki. Alitoka polepole, na jioni yake akampigia mke wangu kumpa pole. Alifikiri ni kisukari.

Lakini msiba mkubwa uliletwa na konokono. Tunawafuga wale wakubwa wa kula mwani, na mchana ni watu wa heshima. Usiku huzunguka wakisukuma kila kitu. Vijiti vya matumbawe nimevigandisha kwa supaglu, pamoja na vidole vyangu kila mara, na bado huvikuta vimeangushwa. Kikimwangukia jirani basi ni vita, kwa sababu matumbawe nayo yana visasi: kuna aina zinazotoa minyiri mirefu gizani na kumchoma kila aliye karibu. Asubuhi unakuta upande mmoja wa kijiti umeungua.

Sasa, maji ya tangi hushuka kwenye tangi jingine lililo kabatini, na pampu huyarudisha juu kwa bomba. Umeme ukikatika, pampu husimama, na lile bomba linaweza kuanza kunyonya maji kinyumenyume hadi tangi la chini lifurike. Ndiyo maana bomba hutobolewa kitundu kidogo karibu na uso wa maji: maji yakishuka kidogo, kitundu huvuta hewa na mnyonyo unakatika. Mpango mzuri kabisa. Mombasa stima zikikatika kila mtu anajua mshumaa uko wapi. Berlin hukatika kwa nadra, na siku ilipokatika kwetu, konokono alikuwa amelala juu ya kitundu.

Bibi anayeishi chini yetu alipanda ngazi akiwa na bakuli. Hakufoka. Aliniuliza tu kwa nini dari lake linatoa maji ya chumvi, alikuwa ameyaonja. Nilipojaza fomu ya bima palikuwa na mstari mmoja wa kueleza chanzo cha ajali. Niliandika "konokono". Wakapiga simu kuhakikisha mwandiko.

Mama alikuja Julai, kwenye lile joto ambalo nyumba za Berlin hazikujengwa kulipokea, maana hakuna AC. Siku ya kwanza alitia mkono ndani ya tangi kunionyesha samaki gani angefaa kukaangwa ("huyu kangaja hata paka hashibi"), na mkono ulikuwa na mafuta ya nazi, hivyo mashine ya kutoa povu ikakaa bila povu mpaka kesho yake. Hilo lilipita. Joto halikupita. Niliweka feni juu ya maji, nikazamisha chupa za barafu, na bado kipimo kilipita nyuzi 30. Joto likizidi, akropora huwatoa wapangaji wake, wale mwani, na rangi huondoka nao. Mwaka 1998 bahari yetu yenyewe ilipata joto namna hiyo, na matumbawe ya Kenya na Tanzania yakafa kwa wingi, pasipo konokono wala shemeji. Wangu alikuwa mweupe ndani ya siku chache, kisha ngozi ikamvuka kuanzia shinani.

Mama akasimama mbele ya kioo, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Sasa ndiyo limetakata."

Mbegu niliipata tena kwa mzee mmoja niliyewahi kumpa kijiti. Ndiyo desturi ya hapa. Berlin ni mji wa Dietrich Stüber, aliyekuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuotesha akropora sebuleni miaka ya 1980, kisha akawa anayavunja matawi na kuwagawia wenzake. Kukigawa kijiti ndiyo akiba pekee: chako kikifa, kipo kwa jirani, na hakuna aliyelazimika kwenda kuvunja mwamba baharini. Mzee alinipa kijiti, akanipa na mawaidha kuhusu feni.

Ule mfupa mweupe mama alikwisha kuuchukua. Aliusugulia visigino bafuni na kusema hajapata jiwe zuri kama hilo tangu dukani kwetu waanze kuuza ya plastiki. Akataka kuondoka nalo. Nikamweleza kwamba matumbawe magumu yote yamo kwenye orodha ya CITES, hai na mfu, na uwanja wa ndege anaweza kuulizwa kibali.

"Kibali? Cha kupeleka tumbawe Mombasa?"

Akaliviringisha ndani ya leso, katikati ya chokoleti za wajukuu. Nililichomoa alipokwenda kuswali. Kesho yake simu ikalia, nikapokea nikitarajia kuambiwa amefika salama. Alikuwa anauliza jiwe lake liko wapi.