Hongera ya Subaru
Hongera, shemeji, kwa Subaru Impreza uliyoileta Kakonko. Tumesikia uliikagua vizuri: ulifungulia muziki, ukapiga tairi teke, ukajipiga picha. Fundi aliyekuhakikishia uzima wake aliletwa na muuzaji, mtu mwema kweli. Imetembea kilomita 60,000 tu, ila raba ya pedali ya breki imelika hadi chuma; labda mwenyewe wa Japani alikuwa na unyayo mzito. Injini iliyooshwa inang'aa, na chini ya kifuniko cha oili kuna ute mweupe kama uji wa mtoto. Gari likizidi miaka 10, TRA hudai 30% ya uchakavu. Gereji nayo inadai yake kila Jumatatu. Bampa ya mbele tumeiokota njia ya Kibondo. Tukuletee, au utaifuata kwa bodaboda?