Hakuna Dirisha la Akina Baba

Ukiachana na mkeo hapa Dar es Salaam, utatambua haraka kwamba mshahara huja kwa mwezi ila mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita. Wengine wanataka ya mwaka mzima. Dalali naye ana yake ya mwezi mmoja, mbali na hela ya kukuonyesha, hata kama alichokuonyesha ni choo cha nje na mwarobaini.

Wangu aliniuliza, "Bosi, una familia?" Nikamwambia ninayo, iko Tabata, mimi ndiye sipo. Akapiga simu: "Mama, mteja ni bachela." Simu ikakatwa. Wanatakiwa wenye ndoa. Sasa mwenye ndoa gani anayetafuta chumba cha peke yake?

Simlaumu mama watoto. Nyumba kabaki nayo, na Mahakama ya Rufani tangu 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilishasema kupika na kulea ni mchango katika mali ya ndoa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inanidai matunzo, nayatoa. Lakini lile baraza la usuluhishi lilipoandika kwamba tumeshindikana, halikuuliza nitalala wapi.

Nikaenda kuulizia mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu. Mwanamke si mimi, ujana ulishanipita, na viungo vizima isipokuwa mgongo, ulioharibiwa na kochi la shemeji. "Halafu mzee wangu," akasema dada wa mapokezi, "huo ni wa vikundi, tena wa biashara." Nikawaza kuanzisha kikundi cha akina baba tulioachika. Kilichotushinda ni mradi: ujuzi wetu wote unaishia kwenye mayai ya kukaanga.

Imebaki mikopo ya kausha damu. Wakopeshaji wake nao wanataka rehani ya televisheni na friji, na vyote viko Tabata.

Chumba nimekipata Mbagala, kwa kukopa kazini. Jumamosi watoto wakija, wao kitandani, mimi mkekani, miguu imeingia chini ya meza ya jiko la gesi. Asubuhi mama mwenye nyumba anagonga: "Baba, naona vichwa vimeongezeka. Na hela ya LUKU iongezeke." Simu zao zilichajiwa huko kwa mama yao, lakini nani atanisikiliza?

Waheshimiwa wabunge, sijaomba ruzuku wala dirisha la akina baba. Tungeni sheria kodi ya nyumba ilipwe mwezi kwa mwezi, maana hata ninyi mngelipwa hivi ninavyolipwa mimi, ya miezi sita msingekuwa nayo.