Sifa za Ethi Mbovu

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Altaneta imekwisha kusifiwa na mafundi umeme wote wa Arusha. Betri ya lithiamu ina wapambe kila dukani. Hata chaja ya betri-kwa-betri, kiboksi chenye taa tatu na mapezi ya kupozea, ina watu wa kuitetea. Lakini nani amewahi kukaa barazani akamtaja kwa heri Ethi Mbovu? Makao yake ni nati moja ya spana namba 13, gizani, chini ya kitanda cha Land Cruiser yangu, na hajawahi kulalamika.

Nasaba yake si ya kutambia. Alizaliwa siku niliyokuwa na haraka. Gari nilikuwa nimelifanya nyumba: kitanda, friji, pampu ya maji, na betri ya pili, ya lithiamu, ya kuvitunza hivyo vyote. Waya mwekundu nilinunua mnene, wa milimita za mraba 16, maana waya wa chanya kila mtu anauheshimu. Zamu ya waya mweusi, yaani ethi, ilipofika, waya ukawa umekwisha. Fundi akasema chesisi yote ni chuma, tufunge hapahapa. Rangi hakuikwangua. Ikabaki imetandikwa kati ya chuma na kichwa cha waya kama mkeka wa mgeni, na shujaa wetu akazaliwa juu yake.

Malezi yake yalikuwa ya kiume. Alinyweshwa vumbi la magadi kule Ziwa Natron, akaogeshwa na masika, kisha akatikiswa na barabara ya Naabi hadi Seronera, ile inayolegeza nati hata za meno. Mwingine angevunjika. Yeye alikomaa.

Tuje kwenye matendo. Chaja yangu, inayoijaza betri ya pili, hutoa ampea 30 kwa volti 14.4. Wati hizo hazishuki kutoka mbinguni: huzivuta kutoka betri ya mbele, ile ya injini, na volti zinazoifikia zikipungua, huvuta ampea nyingi zaidi ili hesabu itimie. Ampea zikizidi, Ethi Mbovu naye huzidisha ushuru wake, na volti hupungua tena. Zikishuka chini ya 12, chaja hudhani injini imezimwa, nayo hukata. Mara tu inapokata, hakuna mkondo, hakuna ushuru, volti zinarudi zote. Chaja inafurahi, inawaka, inavuta, inakata. Nimelala usingizi mwanana kando ya injini inayonguruma, taa ya kijani ikinikonyeza usiku kucha, huku maziwa yanachacha ndani ya friji.

Hapo ndipo ukarimu wake ulipodhihirika. Hakutaka sifa, akawaachia wengine lawama. Kwanza ilishukiwa chaja, nikanunua nyingine. Kisha betri ya lithiamu, maskini, iliyokuwa haijakosa lolote ila njaa. Halafu altaneta. Maduka matatu yaliuza kwa baraka zake, na hakudai kamisheni.

Na adabu yake! Ukimjia na mita injini ikiwa imezimwa, ni mtakatifu. Ukimpima upitishaji, mita inalia piii, shwari. Ukiweka mita kwenye omu, ukinzani wake wa omu 0.04 unajificha ndani ya ukinzani wa nyaya za mita yenyewe. Georg Ohm, mwalimu wa Cologne aliyeiandika kanuni ya volti, mkondo na ukinzani katika kitabu cha mwaka 1827 akapokelewa kwa ubaridi, angempenda. Omu 0.04 ni kitu cha kuchekwa. Izidishe kwa ampea 40, unapata volti 1.6 zilizomezwa na nati moja, na wati 64 za joto. Nimepata kununua taa ya kusomea yenye kazi kidogo kuliko hiyo.

Aliyenitambulisha kwake ni mzee mmoja wa gereji, aliyekataa kufungua chochote. Alisema, "Mwanangu, mtu humjui mpaka abebe mzigo." Akawasha injini, akaiacha chaja ivute kwa nguvu zake zote, ndipo akatoa mita. Mkono mmoja kwenye chanya ya betri ya mbele, mwingine kwenye chanya ya chaja inakoingilia: volti 0.3, waya mwekundu akaachiwa huru. Akahamia upande wa hasi, ambao miezi mitatu hakuna aliyeukumbuka, mimi nikiwa wa kwanza kusahau. Mita ikasoma 1.6. Mzee akainama chini ya kitanda, akaigusa nati, akaondoa kidole haraka, akakipuliza.

"Huyu hapa," akasema, kwa sauti ya mtu anayemwamkia shemeji.

Msasa wa shilingi chache, chuma kikang'aa, nati ikakazwa, grisi ikapakwa juu. Baadaye nikaongeza na waya mweusi mnene hadi betri ya mbele, kama ilivyopasa tangu mwanzo. Usomaji ukashuka hadi volti 0.1. Taa ya kijani siku hizi inawaka tuli, maziwa ni mazima, na nina altaneta ya akiba chini ya kiti.

Kusema kweli Ethi Mbovu nilimkumbuka kidogo. Halafu juzi jioni nikiwa nyuma ya gari nikamwambia mwanangu akanyage breki na awashe indiketa. Kila indiketa ya kushoto ilipowaka, taa ya breki ya upande uleule ilififia, na ilipozima, ya breki ikang'aa. Nikavua kofia. Shujaa wetu hajafa, amehamia tu nyumba ya nyuma.