Mzee, Hiyo Chai!

Hivi ni nani alikaa kikao akaamua kwamba chai ni uongo? Nauliza tu. Mimi sikuitwa. Mjumbe wa nyumba kumi hakupita na karatasi. Redioni sikusikia. Nimekuja kuipata habari kijiweni, mbele za watu, nikiwa na kashata mdomoni.

Nilikuwa nawapa vijana wa kahawa hapa Tandika stori ya siku niliyopanda treni ya TAZARA, kiti kimoja na mchezaji wa Yanga. Stori ya kweli kabisa, tena nimeipunguza. Kijana mmoja wa bodaboda akatikisa kichwa. "Mzee, hiyo chai."

Nikamwambia, "Ahsante mwanangu, ila sukari usizidishe, daktari kanikataza."

Kijiwe kizima kikalala chini. Mmoja akamwaga kahawa kwenye suruali ya mwenzake. Mimi nimetulia, nasubiri chai. Nimeisubiri mpaka muuza kahawa anamwaga majivu ya jiko lake. Haikuja.

Sasa hapo kosa langu liko wapi? Mimi lugha hii naipenda. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ninayo, ile ya TUKI ya mwaka 1981. Jalada limeshatoka. Kurasa za mwisho panya kazila, kwa hiyo maneno ya Z nayajua kwa kusikia tu. Usiku ule nikaifungua. Chai imo. Uongo umo. Lakini kila mmoja anakaa kwake, hawatembeleani. Enzi zetu mtu akikudanganya kakupiga fiksi, au kakupiga kamba. Nilihangaika kuyajua hayo, jamani. Nimeshayazoea, wenyewe wamehamia kwenye chai. Hata barua ya kuhama hawakuacha.

Tena afadhali chai, ilinitia aibu bila gharama. Mkeka umenila hela.

Mpwa wangu karudi saa nne usiku, sura imeshuka. "Anko, mkeka umechanika." Roho iliniuma. Mtoto wa dada yangu alale sakafuni na mimi nipo? Kesho yake mimi huyo Kariakoo. Nikanunua mkeka wa ukindu, wa rangi, umesukwa ukasukika. Nimeubeba begani kwenye daladala, kila nikigeuka unampiga mtu kisogoni, na konda akanitoza nauli ya mzigo. Nikamkabidhi kijana. Akaushika. Akautazama. Akanitazama mimi. Hakusema neno.

Jioni mkeka haupo. Kumbe mkeka wenyewe ni wa kubeti, na timu moja huko Ulaya ilikuwa imemchania dakika ya 90. Wangu kauuza. Hela kaenda kuweka mkeka mwingine. Nao ukachanika.

Mke wangu, Mama Asha, alimaliza maneno yote ya mwezi siku ile. Nikaona nitoke nikapoze roho kwa chipsi za barabarani. Kijana wa chipsi ananiuliza, "Mzee, zege au kavu?" Nikamjibu kwa utaratibu kwamba mimi ni mpangaji, sijengi. Waliokuwa kwenye foleni wakageuka wote. Zege ni chipsi mayai! Ningejuaje? Nikala kavu, kwa hasira.

Halafu kuna kitonga. Hiki wamenieleza wenyewe, kwa huruma. Ukipata kitu cha bure, cha ulaini, hicho kitonga, kwa sababu pale Kitonga, barabara ya Iringa, kuna mteremko. Sawa. Lakini mimi Kitonga nimepita nikitokea Dar. Ukitokea Dar ule ni mlima! Basi letu lilipanda linakohoa, kona baada ya kona, malori yamejipanga mbele yetu, abiria wanasali dini mbili. Nikashuka magoti yananitetemeka. Kwa hiyo mwenzangu akisema kapata kitonga anafurahi, mimi nampa pole.

Hata kwenye hela hakuna salama. Jero ni mia tano, buku ni elfu moja, hayo nayamudu. Lakini noti ya elfu kumi, kwa sababu ni nyekundu, wameipa jina la msimbazi, mambo ya Simba hayo. Mimi Yanga tangu kuzaliwa. Nikwame kodi, halafu niende kwa jirani kuomba anikopeshe msimbazi? Kwa mdomo gani? Nilikwenda lakini. Nikaomba "ile nyekundu". Jirani ni Simba. Akanishikilia mlangoni mpaka nilitamke.

Nikajipa moyo kwamba basi, mtaa umenishinda, angalau darasani nitaheshimika. Binti yangu Asha yuko sekondari. Shule yenyewe getini wameandika wanafunzi waongee Kiingereza tu. Ukipita getini unapumua Kiingereza. Sasa siku hiyo kaja na kazi ya nyumbani ya Kiswahili: misimu. Yaani hayo hayo maneno ya mtaani! Ukiyaandika kwenye insha wanakukata maksi. Usipoyajua kwenye swali la misimu wanakukata maksi. Mtoto afanyeje, awe bubu?

Lakini hapo ndipo nilipong'ara. Kitabu kinasema misimu iko ya aina tatu. Kuna ya pekee, inayozungumzwa na kikundi kidogo, labda kazini au shuleni. Kuna ya kitarafa, imeshatoka nje, inashika eneo zima. Halafu kuna zagao, hiyo imesambaa nchi nzima, mpaka magazeti yanaandika, na mingine inaingia kwenye kamusi kabisa. Nikamwambia Asha, mwanangu, chukua daladala. Mwanzo lilikuwa neno la mtaani, limetokana na dala, shilingi tano, nauli ya miaka ya 80. Leo hata waziri analitamka bungeni na spika hamsimamishi. Nairobi nao wana matatu yao, zile senti kumi kumi tatu za nauli ya zamani. Nchi mbili zimeyapa magari majina ya nauli, halafu nauli ikapanda, majina yakabaki pale pale.

Nikampeleka mbali zaidi. Nikamwambia hata hicho kinachoitwa sanifu kilikuwa cha mtaa wa watu. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, msingi ukawa Kiunguja, lahaja ya mjini Unguja, na wenzetu wa Kimvita kule Mombasa wakanuna. Mtaa wa Waunguja umekuwa mtihani wa Msukuma, Mhaya na mimi. Asha akaandika yote. Nilijisikia profesa. Niliongezewa na nyama siku hiyo.

Ila swali lilitaka mifano. Nikampa ya uhakika. Ganji, yaani hela. Ukapa, yaani ule ukata wa enzi za Rais Mkapa. Ngangari, ya uchaguzi wa mwaka 2000, chama cha CUF wakisema wako ngangari na polisi wakajibu wao ni ngunguri. Mtoto ananitazama. "Baba, haya ni ya Kiswahili au ya Historia?" Nikamwambia andika.

Daftari limerudi. Mbili chini ya tano. Hizo mbili ni za daladala. Pembeni mwalimu kaandika kwa wino mwekundu: "Nani amekusaidia?" Asha hakunificha. Kanitaja jina la kwanza mpaka la ukoo.

Nimefikiria sana, nimeona hii si bahati mbaya. Hawa vijana wanatuona tunakuja. Neno likishafika kwa mtu kama mimi, mwenye kipara na kadi ya kliniki, kwao limeshaoza, wanatunga jingine. Wanataka sehemu ya kusemea mambo yao wazee tusiwaelewe. Na sisi ndivyo tulivyofanya. Baba yangu alikufa hajui ganji ni nini, ndiyo maana hakuwahi kutushtukia tulipokuwa tunapanga namna ya kumwomba.

Sasa yamenifika makubwa. Tangu siku ile ya kijiweni vijana wananiita Kamusi. Sikujali, jina la heshima hilo. Juzi napita, nasikia mmoja anamwambia mwenzake, "Acha kupiga kamusi wewe, lete hela!" Nikasimama. Kupiga kamusi ndiyo nini? Kimya. "Mzee, we pita tu." Nimemuuliza Asha, kacheka mpaka kashika ukuta, anasema akiniambia atakuwa amenikosea adabu. Mama Asha naye anajua! Hasemi.

Na jana konda wa Mbagala kalitumia, wala hanijui. Mbagala! Maana yake nimeshatoka kwenye pekee, niko kitarafa. Likifika Kariakoo limekwisha, nimekuwa zagao. Nchi nzima itakuwa inapiga kamusi, na mwenye jina sijui napigwaje.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, kama maana unaijua, ninong'oneze. Buku yako ninayo. Jero natoa sasa hivi, jero ya pili nikishathibitisha.